Fundi Asiyetengeneza Milango

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nakujulia hali. Wifi aliniambia mgongo umeanza tena kukusumbua, kwamba ukishainama kwenye meza ya kazi, kunyooka ni shughuli, unanyooka kwa vituo. Pole sana. Najua nikikuambia upumzike utanijibu kwamba mbao hazijikati zenyewe, kwa hiyo nanyamaza. Huku kwangu sote wazima. Mimi nina kikohozi cha chaki tu, na nimekizoea kiasi kwamba siku kikikata nitakitafuta. Waambie watoto shangazi yao anawakumbuka, hasa yule kitindamimba aliyenivunjia miwani halafu akaniambia imejivunja yenyewe.

Barua hii anaileta shemeji yako. Usimuulize kilichomo, hajui. Nimeibandika kwa gundi ya darasani na nimemwapisha asiiguse. Ningeweza kukupigia simu, lakini haya ninayotaka kusema siwezi kuyasema huku nasikia pumzi zako upande wa pili.

Wiki tatu zilizopita nilikutumia ujumbe kukuomba ututengenezee milango sita ya madarasa. Ukanijibu kwa maneno matatu: milango sitengenezi, unajua. Ni kweli, najua. Nani asiyejua? Unatengeneza vitanda, meza, viti, hata kabati unatengeneza, ila kabati lako halina mlango, lina kipande cha pazia. Wateja wako wanakuita fundi wa mapazia na wewe unacheka nao. Hata hivyo narudi kwako na ombi lilelile. Safari hii nakuomba usinijibu mpaka umefika kwenye sahihi yangu. Na kwa kuwa nakujua, barua ndefu unaanza kuisomea mwishoni. Rudi hapa juu, nakuona.

Mambo yalianza hivi. Mwaka huu tuliagizwa kila shule ifundishe watoto habari za moto: unavyowaka, unavyokufa, na mtu afanye nini ukimkuta. Mwalimu Mkuu hakufikiri hata dakika moja. Alininyooshea kidole kwenye kikao akasema huyu hapa baba yake alikuwa zimamoto miaka thelathini, atafundisha yeye. Walimu wenzangu wakapiga makofi, na kila aliyepiga alikuwa anashukuru tu kwamba hakuchaguliwa yeye. Nilitaka kukataa. Nilifungua mdomo, na tayari jina langu lilikuwa limeshaandikwa.

Nikaanza na darasa langu la nne, watoto arobaini na watatu, mshumaa mmoja na glasi ya maji ya mwalimu wa zamu. Niliwaambia moto ni mgeni mkorofi mwenye madai matatu: anataka joto, anataka kitu cha kula, na anataka hewa. Mnyime kimoja tu, anaondoka. Nadhani umeshatambua hayo maneno ni ya nani. Niliyasema kwa sauti yake baba, na mikono nikaipanga kama yake, kidole gumba, cha shahada, cha kati. Halafu nikaufunika mshumaa kwa glasi. Watoto wakanyamaza, jambo ambalo darasa la nne halifanyi hata kwenye mtihani. Ule mwali ukajinyoosha, ukapungua, ukawa kama punje ya mchele, ukazimika, na moshi ukajaa glasi yote. Mmoja akasema masikini, mshumaa umekosa pumzi. Nikamwambia ndivyo hasa.

Nina mwanafunzi mmoja wa kike ambaye wenzake wamempa jina la Kwa Nini. Jina limemkaa vizuri kuliko sare yake. Huyo hakubali jibu mpaka alichanechane. Alinyoosha mkono akaniuliza, kama chini ya ile glasi pangekuwa na mtu mdogo, naye angezimika? Nikamwambia hilo ni swali zuri sana na tutalijibu kesho. Kesho yake nikampiga chenga. Kesho kutwa akaniuliza tena, nikajifanya kengele imelia.

Mengine yalikwenda vizuri, siwezi kudanganya. Tulijifunza kwamba moshi hupanda juu na hewa nzuri hubaki chini, kwa hiyo tukachukua shuka, wawili wakaishika kila upande kwa urefu wa magoti, na darasa zima likapita chini yake kwa kutambaa. Magoti yalichubuka, akina mama wakaja kulalamika kuhusu sare, nikawaomba radhi. Tulijifunza kwamba nguo ikishika moto hukimbii, unasimama, unajilaza, unaviringika huku umefunika uso. Ungewaona wanavyoviringika! Nilipata kazi ya kuwazuia wasiviringike mpaka chooni. Tulijifunza kwamba mafuta yakiwaka jikoni humwagii maji, unafunika na mfuniko, na mtu mzima ndiye anayezima jiko. Na mwisho kabisa tukajifunza ile kanuni ambayo mimi na wewe tuliijua kabla hatujajua kusoma: toka, funga mlango, usirudi.

Wiki iliyofuata tukaletewa zimamoto mwenyewe. Ni binti mrefu, mwenye sauti nzito kidogo, na mikono yake haikai kimya. Watoto wanamwita Dada Zimamoto. Alianza kwa kuvaa vifaa vyake mbele yao, kimoja kimoja, buti, koti, kofia, mtungi wa hewa mgongoni, na mwisho ile barakoa ya kupumulia inayokoroma. Alipoivaa tu, nusu ya darasa ilikwenda chini ya madawati. Wengine walisema ni zimwi. Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, anayewatisha wenzake kila siku, alijificha nyuma ya sketi yangu.

Binti akaivua barakoa, akacheka nao, akawaita wamguse. Halafu akanigeukia mimi na walimu wengine, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba tumekiona wenyewe alichotaka tukione. Mtoto akiogopa, alisema, hakimbii. Mtoto hujificha. Hujificha chini ya kitanda, kabatini, nyuma ya mlango, mahali ambapo amezoea kujisikia salama, na hata ukimwita mara nyingine haitiki. Alisema ameingia nyumba nyingi, na akifika chumba cha watoto kitu cha kwanza ni kupiga magoti na kuangalia chini ya kitanda. Kaka, nilishika ukuta. Mwalimu wa hesabu akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia sijala, ingawa nilikuwa nimekula.

Baadaye alitoa boksi la kadibodi alilolikata likawa nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, juu amefunika kwa kioo. Chumba kimoja kilikuwa na mlango wa kadibodi umefungwa, cha pili hakikuwa na mlango, kilikuwa na kitambaa kinachoning'inia. Akafukiza tambara pale ukumbini. Tukachungulia wote kwa zamu. Chumba cha kitambaa kilijaa moshi kabla hata sijahesabu mpaka kumi. Chumba cha mlango kilibaki cheupe, unaona mpaka kijitanda cha njiti alichokiweka ndani. Akasema mlango uliofungwa unampa mtu aliyelala dakika za kuamka na kuokolewa, na pazia halimpi chochote.

Nikafikiria nyumba yako. Kaka, nyumba yako ina mlango mmoja tu, ule wa mbele, nao uliununua dukani. Vyumba vyote ni mapazia. Wanao watatu wanalala nyuma ya kitambaa chenye maua, hatua nne kutoka jikoni. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na ndiyo sababu nyingine ya barua hii.

Siku hiyohiyo Dada Zimamoto akakagua majengo. Akasema milango yetu yote sita inafungukia ndani, na kwamba watoto arobaini wakikimbilia mlango wa namna hiyo wanaubana kwa miili yao wenyewe, hakuna wa kuuvuta. Akataka tubadilishe yote, ifungukie nje, mtoto akisukuma tu kwa uzito wake iachie. Mwalimu Mkuu akauliza nani anamjua fundi mzuri. Mdomo wangu, ambao siku zote unanitangulia, ukasema kaka yangu ni fundi mzuri kuliko wote ninaowajua. Ndiyo nikakutumia ule ujumbe, na wewe ukanijibu ulivyonijibu.

Sasa nifike kwenye siku ya zoezi. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua linawaka. Hapakuwa na moto wala moshi, palikuwa na kengele tu, na watoto walijua itapigwa siku yoyote wiki ile. Ilipolia, darasa langu likasimama, likapanga mstari, likatoka kama maji, nikajisikia fahari. Nikatoka wa mwisho, kama inavyotakiwa. Nikafunga mlango nyuma yangu. Tukafika chini kwenye uwanja, nikahesabu. Arobaini na wawili.

Nikahesabu tena. Arobaini na wawili. Nikawaita majina, na nilipofika kwa Kwa Nini hapakuwa na jibu.

Sikumbuki nilivyopita ule uwanja. Nakumbuka kiatu kimoja kilibaki nyuma. Nilifika mlangoni nikakamata kitasa, nikavuta. Haukufunguka. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikaweka mguu kwenye fremu, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikipiga kelele jina ambalo si la yule mtoto. Mwalimu wa hesabu alikuja mbio, akanisogeza pembeni, akausukuma mlango kwa kidole. Ukafunguka. Unafungukia ndani, kaka. Miaka kumi na moja naufungua ule mlango kila asubuhi kwa kuusukuma, na siku ile nilikuwa nauvuta.

Kwa Nini alikuwa chini ya meza yangu, amekumbatia magoti. Tulipomuuliza kwa nini hakutoka na wenzake, alisema kengele ilimtisha, akaenda mahali mwalimu anapokaa. Nilikaa sakafuni pale pale, nikalia mbele ya watoto wa watu. Mwalimu Mkuu akanipa ruhusa ya siku mbili. Wenzangu wanadhani nimechoka na kazi. Shemeji yako anadhani ni presha.

Jina nililokuwa nalipigia kelele ni la Chiriku.

Najua hatulitaji. Nadhani tangu mama afariki sijalisikia mdomoni mwako, na mimi mwenyewe nalitaja nikiwa peke yangu tu. Lakini leo lazima nilitaje. Chiriku, mdogo wetu, miaka minne, mdomo haukuwa na breki, alikuwa anaongea hata na viatu. Mwaka huu ni wa thelathini na moja.

Niruhusu niseme kwanza yale ambayo kila mtu anayajua, ili ujue nilipoyaacha. Ilikuwa Alhamisi, mchana. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba, unajifunza kazi kwa fundi, na mwezi ule ulikuwa umetengeneza mlango wako wa kwanza peke yako, ukaufunga kwenye chumba chetu mimi na Chiriku. Ulikuwa unapita unaupapasa kila asubuhi. Mvua ikauvimbisha, ukawa unakaza, na ulisema Jumamosi utaupiga randa. Mama alikuwa anapiga pasi sare ya baba juu ya kitanda chetu, ile pasi ya mkaa, jirani akamwita nje, akaiacha. Kaa likadondoka kwenye godoro la sponji. Upepo ukaubamiza mlango, mlango ukakaza, na Chiriku akashindwa kuufungua. Mama na jirani wakausukuma, haukwenda. Wewe ukaja mbio kutoka kwa fundi, ukauvunja mlango wako mwenyewe kwa bega, ukamtoa. Hakuwa ameungua hata unywele. Moshi wa godoro ulikuwa umemmaliza.

Hivyo ndivyo kila mtu anavyojua. Na kila mmoja alichukua fungu lake. Mama hakushika pasi tena mpaka anaingia kaburini, na baba akavaa sare yenye makunyanzi mpaka anastaafu. Wewe ulibeba mlango. Siku ya tatu ya msiba, baba akiwa amekaa kwenye mkeka, alikuambia mlango ule ulikuwa unakaza, mwanangu. Hakusema kwa ukali. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia. Ukasimama, ukaenda ukafunga zana zako kwenye gunia, na kuanzia siku ile hujatengeneza mlango.

Mimi peke yangu sikupewa fungu. Mimi nilisifiwa. Baba aliniita mbele ya wenzake wa kazini waliokuja kutupa pole, akaniwekea mkono kichwani, akasema angalau mmoja alifuata mafunzo, akatoka. Nilikuwa na miaka tisa. Mkono ule nausikia mpaka leo.

Kaka, upepo haukuufunga ule mlango. Niliufunga mimi.

Nilitoka shule mapema siku ile. Niliingia ndani nikakuta godoro linafuka, halafu nikaona mwali, mdogo tu, ungefunikwa na sufuria. Nikafanya vile tulivyofundishwa kila Jumapili na baba, nikajisikia mkubwa kabisa. Nikatoka. Nikashika kitasa nikavuta, mlango haukuja, ulikuwa unakaza kwa ile mvua. Nikauvuta kwa mikono miwili, nikaweka mguu kwenye fremu, nikavuta mpaka ukaingia wote na kitasa kikalia. Upepo gani ungeweza kazi hiyo? Mlango wako usingejifunga wenyewe hata kwa tufani. Haukuwa umefungwa kabisa tangu mvua ianze, kila mtu alikuwa anaurudishia tu. Aliyeukomelea ni mimi.

Sikumwona Chiriku. Nakuapia kwa kila kitu, sikumwona. Lakini sikuangalia, na sikuita. Baba alitufundisha kutoka, kufunga na kutorudi. Kuita hakutufundisha, na mimi sikuwaza. Nilidhani yuko nje na mama, maana siku zote alikuwa mkia wa mama. Kumbe alikuwa chini ya kitanda. Wewe ndiye uliyemtoa, unajua alikuwa upande gani. Alikuwa upande niliokuwa nalala mimi.

Kuna jingine, na hili ndilo gumu kuliko yote. Nilipokuwa uani, kabla mama hajafika, nilisikia kitu kinagonga. Nilijiambia ni bati linapata joto. Sijui mpaka leo kama ilikuwa bati. Nilisimama pale na kanuni yangu, usirudi, usirudi, na sikurudi. Mama alipofika akaniuliza Chiriku yuko wapi, nikasema sijui.

Utaniuliza kwa nini nilikaa kimya. Mwanzoni niliogopa, ndiyo jibu la kweli, niliogopa kupigwa na niliogopa kuchukiwa. Halafu watu wakasema upepo, na mimi nikaushika ule upepo kwa mikono miwili kama nilivyoshika kitasa. Nilipokua nikajipa sababu nzuri zaidi. Nilijiambia namlinda baba, kwamba akijua ni somo lake mwenyewe ndilo lililofunga ule mlango, atakufa. Na kwa kweli ingemuua. Lakini wakati namlinda baba nilikuacha wewe uendelee kubeba. Nilikuona unaning'iniza mapazia miaka yote hii, nikacheka na wengine kwenye utani wa fundi wa mapazia. Nilicheka, kaka! Baba tulimzika mwaka jana, na tangu siku ile sina tena mtu wa kujificha nyuma yake.

Nisamehe. Siandiki ili unijibu kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto siku ile moja. Siku zilizobaki zote nilikuwa mtu mzima na mdomo wangu ulikuwa mzima.

Baada ya zoezi, Dada Zimamoto alirudi shuleni kuniangalia. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, kana kwamba ni habari ya nyumba ya jirani, mtoto wa miaka tisa akiufunga mlango kwenye moto, na ndani kuna mtu, kosa ni la nani? Alinitazama, nadhani aliniona mpaka ndani. Akasema mtoto anafundishwa kutoka tu. Kuangalia na kuita na kuhesabu ni kazi ya watu wazima, na mtu mzima akimtwisha mtoto kazi hiyo amekosea mtu mzima. Nikamuuliza, na aliyetengeneza mlango je? Akashangaa. Akasema mlango uliofungwa na mtu haujamkosea yeyote. Maneno hayo nimeyabeba mpaka kwako kama yalivyo, sijatia chumvi.

Juzi nimerudi darasani. Nimebadilisha lile somo. Watoto wangu bado wanaimba toka, funga, usirudi, lakini wameongeza kwamba huku unatoka unapiga kelele moto, moto, ili kila aliyejificha ajue. Na mimi mwalimu, wa mwisho kutoka, nainama chini ya madawati, naita majina, nahesabu, ndipo nafunga. Na Kwa Nini nilimjibu swali lake. Nilimwambia ndiyo, mtu mdogo chini ya glasi naye angezimika, ndiyo maana hatujifichi. Aliniangalia, akaniuliza kama namjua mtu kama huyo. Nikamwambia ndiyo, alikuwa mdogo wangu, alikuwa anauliza maswali kama wewe. Hakuuliza tena kwa nini. Alikuja akakaa karibu na meza yangu mpaka kengele ikalia.

Sasa umefika karibu na sahihi. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una haki zote na utanikuta hapahapa. Usipotaka kuniona msimu huu, nitasubiri. Ila kitu kimoja usikifanye, usiendelee kubeba mzigo usio wako. Wawekee wanao milango. Anza na wao kabla ya sisi. Halafu siku moyo ukikuruhusu, njoo na randa yako, kuna madarasa sita hapa na watoto mia mbili na arobaini.

Msalimie wifi, mwambie kitambaa alichonipa nimekishona. Shemeji yako atalala kwenu siku moja, mpe kazi ya kupiga msasa asikae bure. Watoto nawabusu wote, na yule wa miwani mwambie nimeshamsamehe, lakini siku moja aje aniambie mwenyewe kwamba ni yeye.

Vipimo nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Mlango ufungukie nje. Kitasa cha kusukuma Dada Zimamoto alisema kikae sentimita tisini kutoka sakafuni, inatosha kwa darasa la kwanza. Mimi nakuomba ukishushe mpaka sabini na tano. Nimepima ukutani kwa kumkumbuka Chiriku, alikuwa akisimama kando yangu bega lake linafika hapo.

Mdogo wako anayekupenda, yule uliyezoea kumcheka alipokuwa anapanga makopo matupu uani na kuyafundisha kusoma,

Mwalimu wa Makopo